Waya wa pikapu uende mguu gani? Kwa wanaoanza kubadilisha voliyumu za besi

Kila vijana wapya wakishika lehemu, gitaa za besi zinarudi na kosa lilelile. Poti mpya (kile kifaa cha kuzungusha cha voliyumu, chenye miguu mitatu ya kuungia waya) imefungwa, risasi ya lehemu inang'aa, lakini mpigaji akipunguza pikapu moja (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi), besi nzima inakata sauti. Mnajituma, na wengi wenu mna mikono mizuri. Ila hili limezidi, tulimalize.

1. Hakikisha poti imekufa kweli. Ikikwaruza tu, puliza dawa ya kontakti kwenye uwazi ulio juu ya miguu, kisha uizungushe mwanzo mpaka mwisho mara 30. Nyingi hupona hapo hapo. Jeki, yaani tundu la kuchomeka waya wa amplifaya, nayo uitikise kabla ya kuilaumu poti.

2. Pikapu za kawaida zisizo na betri zinataka poti ya 250K (kilo-omu 250). Za kampuni ya EMG zenye betri zinataka 25K. Pima na tundu la kupitishia poti pia: poti kubwa ya kampuni ya CTS inahitaji milimita 9.5, na besi nyingi za bei nafuu zimetobolewa ndogo zaidi. Tafuta poti ndogo, usipanue tundu la besi ya mtu!

3. Piga picha kabla hujagusa waya hata mmoja.

4. Sasa hapa ndipo mnapoangukia. Precision Bass, besi ya Fender, tangu 1951, ina voliyumu moja. Mchoro wake mnaujua kwa moyo: waya wa moto wa pikapu unaingia mguu wa pembeni, sauti inatoka mguu wa kati, mguu uliobaki unaenda ethi (waya wa ardhi). Ni sahihi kabisa, kwa Precision. Halafu inakuja Jazz Bass, nayo ya Fender, ile iliyotoka 1960, yenye pikapu mbili na voliyumu mbili, mnaifunga vivyo hivyo.

Fuata njia ya umeme. Ukifunga kwa mchoro wa Precision, miguu ya kati ya poti zote mbili inaungana kwenda kwenye poti ya toni na jeki. Punguza voliyumu moja hadi sifuri: mguu wake wa kati umeigusa ethi. Kwa kuwa umeungana na mwenzake, sauti ya pikapu ya pili nayo inamwagika ethi kupitia hapo hapo. Kimya.

Kwenye Jazz Bass geuza: pikapu iingie mguu wa kati, sauti itoke mguu wa pembeni. Ukipunguza hadi sifuri, inayozimwa ni pikapu ile peke yake. Kati ya njia ya kutokea na ethi unabaki ukinzani wote wa poti, 250K, na pikapu ya pili inaendelea kusikika.

Kinachouma ni kwamba kosa hili linajificha. Voliyumu zote zikiwa wazi mpaka mwisho, mifumo yote miwili ni sawa kabisa, maana mguu wa kati na wa pembeni vimegusana. Fundi anajaribu zote zikiwa wazi, anaridhika, anakabidhi. Aibu inampata mpigaji katikati ya ibada. Dawa yake ni kubadilishana waya mbili tu kwenye kila poti ya voliyumu, dakika tano. Kwa hiyo usiikabidhi Jazz Bass kabla hujafunga voliyumu moja moja na kusikiliza nyingine.

Wala usianze kuhangaika na ethi ukisikia mngurumo baada ya kupunguza moja. Pikapu za Jazz hufutiana mngurumo voliyumu zake zikiwa sawa. Ukipunguza moja, unarudi. Ndivyo zilivyo.

5. Mguu wa ethi usiubahatishe. Zungusha poti hadi sifuri, weka mita kati ya mguu wa kati na kila wa pembeni: unaosoma karibu na sifuri ndio wa ethi. Ukikosea hapa, voliyumu itafanya kazi kinyume. Pima poti ikiwa haijaunganishwa, kwa sababu pikapu ya Jazz ina kilo-omu 7 au 8 tu na itakudanganya. Miguu ya pembeni ya poti ya 250K isome kati ya 200K na 300K.

6. Mgongo wa poti ukwaruze kwa msasa, upake risasi, na waya nao upake, ndipo uviunganishe. Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40. Ile ndogo ya wati 15 mnayoipenda inachelewa kuyeyusha, mnaikandamiza dakika nzima, na joto linaingia ndani kuunguza njia ya kaboni. Poti mpya inakufa mkononi. Sekunde tatu nne zinatosha. Ikigoma, ondoa, iache ipoe, rudia.

7. Shika poti kwa vidole unapokaza nati. Ikizunguka, inazikata waya ulizotoka kuzilehemu.

Kabla ya kurudisha skrubu, chomeka amplifaya kwa sauti ndogo na ugonge kila pikapu taratibu kwa bisibisi ya chuma. Kila moja ilie, kisha inyamaze kwa voliyumu yake yenyewe.