Si damu, ni mazingira

Je, watoto wa makabila fulani hunenepa zaidi kwa sababu ya damu yao? La, unene wa watoto haufuati kabila kwa sababu ya damu. Tofauti zipo kweli: takwimu za CDC, shirika la afya ya umma la Marekani, 2017–2020, miaka 2 hadi 19, zinaonyesha unene wa kupindukia asilimia 26.2 kwa Walatino, 24.8 kwa weusi, 16.6 kwa wazungu. Watafiti hutaja kipato, bei ya mboga, usalama wa mtaa na viwanja. Hata hapa Mombasa, mtoto wa Nyali mwenye uwanja si sawa na wa Majengo anayecheza uchochoroni (viazi karai wanakula wote!). Ila asilimia 9 ambayo takwimu hizo zinawapa Waasia wa Marekani imechanganya Wachina, Wahindi na Wafilipino, msiibandike kwa Wahindi wetu.