Wembe wa babu na gazeti la juzi

Kwa babu nimerithi vitu viwili, jina na wembe. Jina halijanisumbua. Wembe ulinitesa karibu mwaka mzima.

Ni wembe wa kukunja, wa zamani, mpini wake wa pembe, na kwenye shina la chuma limechapwa neno Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe. Babu alikuwa karani wa shamba la mkonge huko Tanga na kila asubuhi alijinyolea kibarazani, kioo kikining'inia kwenye msumari. Kabla ya kuugusisha usoni aliupitisha kiganjani, huku na huku, chap chap, macho yakiwa kwetu wajukuu na mdomo ukiendelea na hadithi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini yule mzee alijinyoa mpaka alipofika umri wa mikono kutetemeka. Kiganja sikushauri. Nilijaribu siku moja tu, na alama ninayo.

Wembe ulipofika mikononi mwangu ulikuwa butu na una madoa ya kutu. Nikajifunza kunoa. Nikanunua mawe, la mwisho la namba 12,000, laini kama kioo. Nikanoa mpaka nywele za mkononi zikawa zinaruka zenyewe. Kisha nikajinyoa, na uso ukawaka moto hadi adhuhuri. Nikipaka spiriti, naruka. Nikarudi kwenye jiwe nikidhani bado haujawa mkali, nikanoa zaidi, na moto ukazidi.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba ukali na ulaini ni vitu viwili. Wembe uliotoka kwenye jiwe unakata, hilo halina ubishi, lakini makali yake bado yana mikwaruzo ya jiwe, na pale mwishoni kabisa hubaki unyuzi wa chuma, mwembamba kuliko unywele, uliolalia upande huu au ule. Macho hayauoni. Ngozi ya shingo inauona vizuri sana. Kazi iliyobaki si kunoa tena. Ni kuuondoa unyuzi ule, kuyasimamisha makali na kuyalainisha. Ndiyo kazi ya ukanda wa ngozi ambao vinyozi wa zamani waliufunga kwenye kiti.

Ukanda nilikuwa nao. Tatizo langu lilikuwa masika. Mtu anayeishi Pwani anajua mvua za Aprili zinavyofanya viatu na mikanda kabatini, na ukanda wangu ukaota ukungu kama mkate uliosahaulika. Nikausafisha, ukawa mgumu na kupinda. Ndipo nikarudi kwenye jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na kulidharau, yaani kupitisha wembe juu ya gazeti badala ya ukanda.

Gazeti halinoi, na hapa ndipo wengi wanapolielewa vibaya. Wino mweusi wa gazeti una masizi ya kaboni, chembe ndogo kuliko maikroni moja, na karatasi nyingi huchanganywa chaki au udongo mweupe ili ziwe nyeupe na laini. Vyote hivyo ni laini kuliko chuma cha wembe. Kwa hiyo gazeti haliwezi kula chuma kama jiwe. Linapapasa. Linaufuta ule unyuzi, linaacha makali yamesimama na yamelainika. Ukilipatia wembe butu, litakurudishia wembe butu wenye madoa ya wino.

Chukua kurasa nyeusi na nyeupe, zenye maandishi mengi. Kurasa za rangi na karatasi za kung'aa za majarida mimi sizitumii, zinateleza mno na sioni faida yake. Gazeti la juzi au la wiki iliyopita ni zuri kuliko la leo, kwa sababu wino umekauka na hauchafui sana. Lakini usichukue lile lililofungia maandazi wala lililotandikwa dukani chini ya dagaa. Si suala la usafi tu. Chembe moja ya mchanga inatosha kung'oa kipande cha makali. Nilipata pengo karibu na ncha kwa namna hiyo, kwa gazeti nililolikuta kwenye kiti cha daladala, na kulimaliza pengo lile kulinigharimu saa nzima kwenye jiwe. Sasa napapasa ukurasa wote kwa vidole kabla ya kuanza, kama mama anayechagua mchele.

Likunje mara tatu au nne, upana uzidi kidogo urefu wa makali, uliweke juu ya kitu bapa kweli kweli. Mimi natumia kipande cha kioo kinene nilichopewa na fundi wa madirisha, ncha mbili nimezibana kwa klipu za ofisini. Meza ya mbao yenye mabonde haifai. Wapo wanaoloweka karatasi moja kidogo, wakaibandika juu ya jiwe la kunolea na kuiacha ikauke ijikaze. Inakaa vizuri sana bila klipu, ila ni lazima ikauke kabisa. Wembe wa aina hii si chuma kisichoshika kutu, na karatasi mbichi itakuachia kutu asubuhi ile ile.

Sasa mkono. Laza wembe ubapa, mgongo na makali vyote viguse karatasi kwa pamoja. Usijitungie pembe yoyote. Aliyeufua wembe ule alishaipima pembe kwa unene wa mgongo, wewe kazi yako ni kuulaza tu. Sogeza mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, simama, kisha ugeuze wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo, makali yapite hewani, ulaze upande wa pili na urudi. Mgongo usiache karatasi hata mara moja. Mimi mwanzoni niligeuza upande wa makali, kama mtu anayegeuza chapati, nikachana habari za michezo zote na kuua makali niliyoyahangaikia jioni nzima.

Kama wembe ni mrefu kuliko upana wa karatasi, vuta kimshazari, kuanzia kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa shina, kuelekea ncha, ili kila sehemu ipate haki yake.

Kosa langu la pili lilikuwa nguvu, na hili ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Akili inakuambia ukikandamiza kazi itaisha haraka. Karatasi iliyokunjwa inabonyea. Ukikandamiza, inainuka nyuma ya makali na kuyaviringisha, na unakuwa umeyaharibu kwa kile kile ulichotaka kuyatengenezea. Siku moja kabla ya harusi ya binamu yangu nilikandamiza hivyo kwa sababu ya haraka, na picha zote za siku ile nimegeuza shavu la kulia. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ushike kwa vidole viwili, kwenye shina, ulegee kiasi kwamba mtu akikupita anaweza kukupokonya.

Idadi? Nikitoka kwenye jiwe napiga thelathini, kwenda na kurudi nikihesabu moja. Asubuhi za kawaida, ishirini. Mtu akikuambia lazima iwe hamsini na tano, muulize nani alihesabu. Ukanda wangu ukiwa mzima, namalizia hapo baada ya gazeti. Masika, gazeti peke yake linanitosha.

Sikiliza sauti. Wembe ulio sawa unatoa mlio mmoja mkavu, shwaa, na ukirudi unatoa ule ule. Upande mmoja ukilia tofauti, ukikwaruza au ukinata, ujue mkono umeinama au unyuzi bado upo upande huo. Mimi nafumba macho katika zile tano za mwisho. Mama watoto aliniona siku ya kwanza akaniuliza kama naomba dua.

Kuhusu kupima, utaona watu wakishika unywele mmoja mrefu hewani na kuuangusha juu ya makali ukatike. Nywele zao zimenyooka. Zangu ni za kipilipili, zinajikunja na kuruka kabla hazijaguswa, na nilipoteza jioni kadhaa nikidhani wembe wangu mbaya kumbe kipimo ndicho si cha kwetu. Napitisha wembe juu ya mkono, kama milimita tatu hivi juu ya ngozi. Vinyweleo vikikatika kimya kimya bila kuvutwa, basi. Usipime kwa kucha. Unayaharibu makali ili ujue kama ni mazuri.

Kabla ya kunyoa, suuza wembe na uufute, maana unakuwa na weusi wa wino. Na ule ni wembe wako peke yako. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kubeba homa ya ini na VVU, kwa hiyo ndugu akija kuazima mpe hela aende akanunue wake.

Wenye vipele vya ndevu niwaambie ukweli. Makali laini yamenipunguzia kuwaka kwa ngozi, lakini vipele vinatokana na unywele wa kujikunja kurudi ndani ya ngozi, na gazeti haliujui unywele wako. Kinachonisaidia ni kunyoa kufuata unakoelekea unywele, mara moja, na kuridhika na kivuli kidogo kinachobaki. Nikianza kunyoa kinyume ili niwe laini kama yai, siku ya tatu shingo inaniadhibu.

Baada ya wiki kadhaa, wembe utaanza tena kuvuta ndevu hata baada ya mizunguko arobaini. Usiongeze gazeti. Rudi kwenye jiwe, kidogo tu, kisha gazeti tena.

Nikimaliza nakausha wembe kwa kitambaa, napitisha tone la mafuta ya cherehani pande zote mbili na kuuweka chumbani, si bafuni. Gazeti natumia mara nne au tano kabla karatasi ya juu haijachakaa, kisha naifunua na kuendelea na ya chini yake. Ila sasa nimepewa sharti nyumbani: nisiguse ukurasa wa chemshabongo kabla haujajazwa.