Madoff aliwezaje kujificha?

SWALI: Bernard Madoff wa New York aliwalaghai wawekezaji kwa miaka mingi. Ilikuwaje tume inayosimamia masoko ya mitaji nchini Marekani isimgundue? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ulaghai wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko wengi wanavyodhani: fedha za wateja hazikununua hisa zilizoahidiwa, bali zilikaa katika akaunti ya benki, na aliyetaka kutoa chake alilipwa kwa fedha za wengine. Kazi kubwa ilikuwa ya makaratasi. Katika ghorofa ya 17 ya jengo lenye ofisi zake, wasaidizi wake walichukua bei za hisa za siku zilizokwisha kupita, wakachagua zile zilizoleta faida iliyotakiwa, kisha wakachapa taarifa za mauzo ambayo hayakufanyika kamwe. Faida hiyo haikuwa ya kupindukia, na hapo ndipo ujanja ulipolala, kwa kuwa kiasi cha wastani kisichoyumba hakimshtui mtu.

Hata hivyo, Harry Markopolos, mchambuzi wa masuala ya fedha, alianza kuitahadharisha tume mwaka 2000. Wakaguzi walikwenda, lakini waliridhika na nyaraka walizopewa na mtuhumiwa mwenyewe, ambaye aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la Nasdaq. Kwa maoni yangu huo ni uzembe usio na udhuru, maana kuuliza hifadhi kuu ya hisa, yaani taasisi inayotunza kumbukumbu za nani anamiliki hisa zipi, kungetosha kumuumbua.

Kilichomwangusha Madoff ni msukosuko wa kifedha wa mwaka 2008, wateja walipodai takriban dola bilioni 7 kwa mkupuo. Alikamatwa Desemba 11, huku taarifa za wateja zikionyesha salio la dola bilioni 65 hivi.