Fundi anataka kuziba madirisha ya zahanati yetu

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Boma tumelinyanyua kwa nguvu zetu wenyewe, limefika kwenye lenta. Hela iliyobaki ni ndogo na kamati imegawanyika. Fundi anasema madirisha yote ya upande wa mashariki tuyajenge tofali, tubakize vitundu juu, kwa sababu ya vumbi la kiangazi na wezi. Mwenyekiti anataka hela ya kibaraza ikanunue tailizi zinazong'aa, mkuu wa wilaya akija kufungua apendezwe. Halafu kuna mkwaju mkubwa mbele ya jengo, nao wanataka kuukata ili zahanati ionekane barabarani. Mimi sikusomea afya, ila roho yangu inakataa. Je, jengo lina uhusiano gani na mgonjwa kupona? Si dawa na mganga tu?
*Katibu, Chamwino*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kufika kwenye lenta. Maboma mangapi nimeyaona yameota miti ndani!

Nimezalisha wanawake miaka 34, vijijini na mjini, na nitakujibu kwa niliyoyaona. Nianze na madirisha, maana hapo fundi wenu anaweza kuua watu huku akidhani anawasitiri.

Mwenye kifua kikuu mara nyingi hajijui. Anakuja akisema ni mafua tu. Akikohoa, vile vidudu havidondoki chini kama mate, vinaelea hewani kwa saa kadhaa. Ukiwa umemkalisha kwenye chumba kilichozibwa, pembeni yake kuna mama na kichanga amekuja kupima uzito, wote watatu wanavuta hewa ileile. Mwaka 2007 zilitoka habari za watafiti waliopima vyumba 70 katika hospitali 8 za mji wa Lima, nchini Peru. Madirisha na milango ikiachwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba vya mashine za kuvuta hewa vilipata mara 12. Tena majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha mapana, yaliyashinda ya kisasa. Niliposomewa hayo semina nilicheka, maana wodi niliyoanzia kazi ilikuwa ya zamani hivyo hivyo, na sisi wasichana tulikuwa tukiisema ni ghala.

Sasa upepo wetu wa Dodoma unatoka wapi? Mashariki na kusini-mashariki, wewe mwenyewe unajua kofia yako huwa inakimbilia wapi. Mkiziba upande huo, hewa imekosa pa kuingilia, na madirisha ya magharibi peke yake hayatafanya kitu. Madirisha yatazamane, hewa iingie huku itokee kule. Vumbi tunalipunguza nje: pandeni mwarobaini safu mbili, hatua chache kutoka ukutani, na nyasi ziachwe uwanjani badala ya kufyekwa hadi udongo mtupu, kama tunavyopenda tukidhani ndiyo usafi. Wekeni na vibao vya kufunga. Kile kimbunga cha vumbi cha saa nane mchana kikija, mnafunga; kikipita, mnafungua. Wavu wa mbu usafishwe, kwa sababu ukijaa vumbi haupitishi kitu. Wezi mnawazuia kwa nondo.

Mahali pamoja nakubaliana na fundi: stoo ya dawa. Hapo madirisha yawe madogo na juu, mlango wa chuma, kufuli la maana. Ila hewa ipite hata humo, maana dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi joto 30, na bati la Novemba hamlijui leo.

Tailizi. Kuna kituo nilifanya kazi, sikitaji, waliweka zile za kung'aa hadi chooni. Usiku mmoja mama aliyejifungua mchana alitoka kuoga na ndala zimelowa, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Nilisikia kishindo tu. Mkono ulivunjika, na mtoto akanyonyeshwa wiki nzima mama ameegeshwa na mito. Saruji iliyosawazishwa vizuri, isiyo na nyufa, inatosha kabisa. Chumba cha kujifungulia pakeni ukuta rangi ya mafuta kufikia kifuani, damu ifutike. Hiyo hela ya tailizi irudi kwenye kibaraza. Kibarazani ndipo watu wanasubiri, kivulini, kwenye upepo, na anayekohoa anakaa benchi la mwisho bila kuonekana ametengwa.

Kwenye hicho chumba cha kujifungulia kuna jambo hamtaliona kwenye ramani, kwa kuwa kamati yenu, nahisi, ni wanaume watupu. Kitanda kisielekezwe mlangoni! Nilishakuwa na mama aliyefika uchungu umekolea, mlango ukafunguliwa, akawaona wakwe zake wamekaa wanamtazama. Alishuka kitandani akataka kurudi nyumbani. Pazia ni bei ya kanga mbili tatu. Waiteni wanawake watano waliozaa karibuni, waingie humo bomani, waseme wao kitanda kikae wapi.

Maji: ndoo yenye koki na sabuni kila chumba. Usimwambie muuguzi mwenye foleni ya watu 40 atembee hadi mwisho wa korido kunawa. Ataenda mara ya kwanza na ya pili.

Taa ya sola isiwe katikati ya dari tu, iwepo na juu ya meza ya dawa. Hili nalisema kwa aibu. Usiku, taa ikiwa mgongoni kwangu na kivuli changu kikiwa mezani, niliwahi kuchukua kichupa cha dawa nyingine kinachofanana na nilichokitaka, urefu uleule, kifuniko rangi ileile. Nilishavuta kwenye bomba la sindano. Mwenzangu ndiye aliyeshtuka.

Na mkwaju? Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha alichokipata kwenye mafaili ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, waliopasuliwa mfuko wa nyongo. Nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu ukuta wa tofali. Wa kwenye miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Basi huo mkwaju uacheni, na dirisha la chumba cha mapumziko liuelekee. Zahanati kuonekana barabarani mtaweka kibao.

Ramani ya halmashauri haibadilishwi kienyeji. Nenda kwa mhandisi na kwa mganga mkuu wa wilaya kabla fundi hajapandisha tofali hata moja upande wa mashariki. Mwenyekiti naye mkumbushe kwamba siku ya ufunguzi mkuu wa wilaya atasubirishwa kidogo, wageni husubirishwa, na bila kibaraza atasimama juani.