Re: Jike la mbwa la miezi 8, nimtoe kizazi au azae kwanza?

Mkuu usisubiri azae, hayo maneno kwamba lazima azae mara moja ndo atulie hayana ukweli, na kila joto (kipindi cha kutaka dume) analopitia kabla hajatolewa kizazi hatari ya uvimbe wa matiti inazidi kupanda. Mi nilikuwa na jike nikamwacha hivyo hivyo, alipofika miaka 7, wiki chache tu baada ya joto akaanza kunywa maji kupita kiasi, chakula hagusi, nikadhani minyoo kumbe kizazi kimejaa usaha, akafanyiwa operesheni usiku akiwa ameshachoka na hakuamka. Bado inaniuma.

Ila kama ni mbegu kubwa kama German Shepherd muulize daktari wa mifugo kuhusu kusubiri mpaka mwaka au zaidi, mifupa na viungo vikomae kwanza. Na kama yuko kwenye joto sasa hivi mpe kama miezi 2 au 3, maana wakati wa joto damu inakuwa nyingi kwenye kizazi. Baada ya operesheni, siku 10 hadi 14 asirukeruke wala asilambe mshono, mvalishe kola ya kuzuia kulamba, na chakula upunguze kidogo maana wananenepa haraka sana.