Jibu: Kutangulia kumaliza na kuandikwa wa tatu

Salamu, ndugu. Umeuliza kwa nini ulitangulia kuvuka mstari wa mwisho katika mbio za mashua za tanga za klabu Jumapili, kisha ukaandikwa wa tatu.

Mashua za aina mbalimbali zinaposhindana pamoja kwa mfumo wa Portsmouth, muda wa kila moja huzidishwa kwa 1000 na kugawanywa kwa namba ya aina yake, ambayo huwa kubwa zaidi kwa mashua za polepole; nafasi hupangwa kwa muda unaopatikana. Hivyo mwenye namba 1100 aliyetumia dakika 66 huhesabiwa 60, na humshinda mwenye namba 1000 aliyetumia dakika 62.

Kagua kwanza namba uliyoandikiwa, kwani mimi niliwahi kupewa ya mashua yenye tanga kubwa kuliko langu, nikapoteza mbio mbili kabla ya kugundua. Ikiwa ni sahihi, kagua idadi ya mizunguko uliyoandikiwa. Ukikuta kosa, iandikie kamati ya mbio mapema, maana muda wa kuomba marekebisho huwa mfupi.