Muulize Mwalimu: Watoto 94, chaki moja, na Kiingereza hakitoki

Mwalimu shikamoo. Nafundisha Inglishi fomu wani shule ya kata, mkondo wangu una watoto 94, dawati moja wanabanana watatu. Nikiuliza swali wanaitikia wote "Yes madam" hata kama nimeuliza jina lako nani. Semina tuliyopelekwa tulionyeshwa magemu mazuri tu ila yanataka projekta na kopi ya kila mtoto, mi hapa nina chaki na manila mbili kwa muhula mzima. Nifanyeje? (Madam, Kahama)

Marahaba madam. Hiyo "Yes madam" usiichukie sana, mtoto anajikinga tu. Kasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja kama masomo mengine, afu Januari anaingia fomu wani anakuta baiolojia Kiingereza, jografia Kiingereza, hesabu Kiingereza, na tangu ada ifutwe 2016 madarasa yamefurika, kwaiyo anajificha kwenye sauti ya wenzake. Hata wewe ungejificha.

Sasa angalia maswali yetu walimu. Unainua kalamu juu, "What is this?", na darasa zima linaona kabisa kwamba ni kalamu. Nani ana haja ya kuongea hapo? Mtu anaongea akiwa na kitu ambacho mwenzake hana, basi, na kumtengenezea mtoto hali hiyo hakuhitaji projekta.

Jaribu hivi. Kila dawati mtoto mmoja kati ya watatu ageuke aupe ubao mgongo, ashike daftari na penseli. We chora ubaoni nyumba, mwembe kushoto, mbuzi chini ya mwembe, ndoo mbili mlangoni, jogoo juu ya paa. Usijali kama mbuzi wako anafanana na meza, wa kwangu siku zote anafanana na meza. Pembeni andika maneno watakayohitaji: on, under, behind, next to, on the left. Wale wawili wanaoona ubao wanamwelekeza aliyegeuka, kwa Kiingereza, bila kunyoosha kidole, naye anachora anachosikia. Dakika saba zinatosha, afu wanageuka wanalinganisha na hapo jiandae kwa kelele mana lazima kuna mbuzi kapanda paa na jogoo kawa mlangoni.

Na hapo hapo ndo utapata somo lako la kesho. Kuna kijana wangu alimwambia mwenzake "the bucket is under", mwenzake akamuuliza "under what?" wakabaki wanaangaliana, mana kwetu ndoo ikiwa sakafuni tunasema iko chini na sentensi imeisha, lakini under ya Kiingereza inataka chini ya kitu fulani. Ningekuwa nimeifundisha hiyo ubaoni ingepita hivi hivi. Wale wawili hawakuisahau, walikuwa wamekwama nayo wenyewe. Kwaiyo ukizunguka usisahihishe kila kosa, kaa na kikaratasi andika makosa matano sita, mwisho wa kipindi yaweke ubaoni bila kumtaja mtu.

Ya pili ni imla ya kukimbia. Imla ya kawaida unaijua, mwalimu anasoma na watoto wanaandika huku wanachungulia kwa jirani. Hii unaandika kisa kifupi kwenye karatasi za mfuko wa saruji au kalenda iliyopitwa, kama nane hivi, zote kisa hicho hicho, unazibandika ukuta wa nje. Mimi natumia hiki: My aunt sells fried fish at the bus stand. On Saturday a man ate four fish. He said his money was in the bus. The bus left. Kila dawati linatoa mkimbiaji mmoja, anaenda kusoma sentensi moja, anarudi nayo kichwani, anawanong'oneza wenzake, wao wanaandika. Sentensi ya pili anakimbia mwingine. Una madawati thelathini na kidogo, gawa kwa karatasi nane, kila karatasi ina watoto wanne, hawakanyagani. Anayepiga kelele dawati lake linasimama dakika moja. Wakimaliza, dawati linaandika sentensi mbili zao, yule mama alifanyaje? Mie nimeshasoma miisho ya kila aina, mpaka ya bodaboda kulikimbiza basi hadi Shinyanga.

Mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani, la sivyo utaitwa ofisini kueleza watoto wanakimbia nini saa nne asubuhi. Mimi niliitwa.

Halafu kimya. Miaka ya 1970 kule Marekani mtafiti Mary Budd Rowe alikaa madarasani akapima, akakuta mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujibu mwenyewe. Waliposubiri kama sekunde tatu, majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakajibu. Na huko ni watoto waliokuwa wanaulizwa kwa lugha ya darasani kwao, wako wanatafsiri kwanza kichwani, wape hata tano. Hesabu vidole nyuma ya mgongo.

Mwalimu za kazi. Darasa la sita langu he na she zimewashinda kabisa, baba ni she, bibi ni he. Nimewapigisha mazoezi mpaka mi mwenyewe nachanganya. (Mwalimu, Muheza)

Nzuri. Yeye ni yeye tu kwetu, awe shangazi awe mjomba, kwaiyo sikio la mtoto halijawahi kuwa na sababu ya kutofautisha. Mpe sababu. Mtoto mmoja anachagua mwenzake kimoyomoyo, anamweleza kwa sentensi tatu, darasa linamtafuta. Nguo hazisaidii hapo, wote wako kwenye yunifomu, itabidi aseme anakaa wapi, anapenda nini, jana alifanya nini: She sits near the window. She came late yesterday. Akisema he wakati anamaanisha Mwanaidi, darasa zima litahangaika upande wa wavulana mpaka lichoke, na likishajua litamsahihisha kwa sauti kuliko yako. Dakika tano mwanzo wa kipindi, kila siku, mwezi mmoja. Mazoezi ya kujaza nafasi yapumzishe kwanza.

Hujambo mwalimu. Shuleni kwetu mtoto akiteleza akaongea Kiswahili anavishwa diski, kile kibao cha adhabu, shingoni mpaka ampate mwingine wa kumpa. Mwalimu mkuu anasema ndio dawa. Wewe waonaje? (Mwalimu, Kilifi)

Sijambo. Mie kile kibao nimekivaa nikiwa darasa la saba, siku mbili mfululizo, na siku ya tatu sikuongea kabisa, si Kiswahili si Kiingereza, na wenzangu wengi walikuwa hivyo hivyo. Sasa huyo mtoto asiyefungua mdomo utamfundisha nini?

Najua mkuu hutamgeuza kwa wiki moja, kwaiyo anza darasani kwako ambako una mamlaka. Kabla ya kazi yoyote wape dakika mbili wapange kwa Kiswahili, au Kigiriama kama ndiko wanakotoka, nani atasema nini na neno gani hawalijui. Wasilolijua wanakuja kukuuliza, unaliandika ubaoni. Ukipiga makofi mara moja muda umekwisha, sasa ni Kiingereza mpaka kila kundi liseme lake. Siku ukiona makundi yanaanza na Kiingereza kabla hujapiga makofi, mwalike mkuu akae nyuma ya darasa.